Fyuzi Mkononi mwa Zaitun

Miaka ile ya wakimbizi, Kigoma nzima ilitaka kazi ya shirika. Boti zilikuwa zinaingia kutoka ng'ambo ya ziwa zimejaa watu, magodoro na sufuria, na nyuma ya watu wale yakaja magari meupe yenye antena ndefu, na nyuma ya magari zikaja ajira. Dereva wa shirika alikuwa anamzidi mshahara mwalimu mkuu. Mlinzi wa geti alikuwa anapeleka posa asubuhi, jioni anajibiwa. Mimi Mwanvua nilikuwa nauza samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, kule Ujiji. Nikabeba meko na mabenchi yangu nikahamia Bangwe, nje ya kituo cha mapokezi kilichokuwa kinajengwa na shirika moja, na sijajuta mpaka leo.

Lakini waliosemekana kuula zaidi ni mafundi umeme. Mashirika yalikodi nyumba kubwa kubwa, na kila nyumba ilitaka taa kila chumba, feni, friji, kompyuta, na jenereta uani kwa sababu umeme wa mji leo upo, kesho haupo. Vijana wa Ujiji ghafla wakawa mafundi wote. Mtu akinunua testa moja, ile bisibisi ya kupimia umeme, na kuichomeka kwenye mfuko wa shati, kazi imeisha, muiteni fundi. Mmoja wao alimfungia jirani yetu taa ya choo. Ukiwasha chooni, redio ya sebuleni inazimika. Jirani akaizoea, akawa anajua mgeni ameingia chooni kwa kukosa taarifa ya habari.

Sasa niwaambie ukweli wa huo ulaji. Fundi wa shirika alikuwa wa aina mbili. Yupo wa mkataba: mshahara mwisho wa mwezi, kazi iwepo isiwepo, matibabu yake na ya wanawe, likizo yenye nauli. Huyo alishuka na treni kutoka Dar es Salaam. Na yupo wa kibarua, anayelipwa getini jioni kwa siku aliyofanya, akiugua asionekane, kazi ikiisha asante kwaheri. Huyo ndiye sisi wenyeji. Ngazi ni ile ile, nyaya ni zile zile, na umeme ukikupiga haukuulizi umezaliwa wapi. Jambo hili likinijia hata leo masikio yanapata moto.

Wifi yangu Zaitun, mke wa mdogo wangu Abdulatif, alikuwa fundi umeme wa gredi ya kwanza. Cheti chake alikipata Tabora, kwenye chumba cha mtihani kilichojaa wanaume, na alipokileta nyumbani alikitia kwenye fremu, akakitundika juu ya kitanda mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Tuliishi nyumba moja, ya wazazi wetu, pale Rusimbi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayefunga kanga juu ya suruali ya kazi, na alikuwa na mchezo wa kuazima sufuria zangu na kuzirudisha na masizi yake. Tuligombana kwa ajili ya sufuria, kwa ajili ya maji, kwa ajili ya kamba ya kuanikia. Yaani mimi niligombana. Yeye alininyamazia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Tatizo ni kwamba Zaitun alikuwa anaondoka. Mjomba wake wa Tandika, Dar es Salaam, alikuwa na kampuni ya kufunga nyaya kwenye majumba, na alikuwa amemwita kwa mshahara wa kueleweka. Abdulatif alikuwa mvuvi wa dagaa, nyavu zimechakaa, watoto wawili wako shule. Zaitun alikuwa ametueleza wazi: akipata mkataba wa fundi mkuu hapo Bangwe, anabaki, asipopata, siku kazi inapokwisha anapanda treni, na watoto nabaki nao mimi. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko chini ya kitanda. Nililisogeza mwenyewe nikifagia.

Mtaani nilitangaza kwamba hatimaye sufuria zangu zitapumzika. Nilisema hivyo kwa sauti, watu wakacheka. Ukweli wangu ulikuwa mwingine: sikutaka aondoke hata kidogo, na sikujua naanzaje kumwambia mtu niliyekuwa nikimgombeza kila siku iendayo kwa Mungu.

Msimamizi wa kazi pale kituoni alikuwa Bwana Dismasi, ametoka Dar. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupendeza, anacheka na kila mtu, anakupa jibu unalolitaka kabla hujamaliza kuuliza. Alikula kwangu kila mchana. Alikuwa anapenda kichwa cha mgebuka, na akishakishika kichwa cha mgebuka mikono miwili, maneno matamu yanamtoka. Ndipo alipomwambia Zaitun, mbele ya mabenchi yaliyojaa madereva, waashi na vibarua, kwamba yeye amalize tu wodi na pampu ya maji kabla ya siku ya ufunguzi, mkataba wa fundi mkuu ni wake, mshahara wa gredi ya kwanza. Akarudia wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata tena. Mimi nilisikia, upawa uko mkononi.

Basi Zaitun akafanya kazi. Alipandisha nyaya kwenye paa la wodi, akafunga taa, akaunganisha jenereta na pampu ya kuvuta maji ya ziwa mpaka kwenye tangi kubwa, ili watu wakishuka kwenye boti wakute maji safi. Wanaume wa kibarua waliokuwa chini yake mwanzoni walikuwa wanamchekea pembeni. Aliwaacha wacheke, akawafanya wafunge upya kila kiungo kilichokaa vibaya, na baadaye wakawa wanamwita Fundi bila kuambiwa.

Wiki ya ufunguzi, shangazi yetu wa Katubuka akaniletea habari. Chumba chake cha uani kilikuwa kimepata mpangaji. Shirika ndilo limelipa. Mpangaji ni kijana anaitwa Bariki, fundi umeme kutoka Dar es Salaam, ameshuka na treni, na ameshaambiwa ndiye fundi mkuu wa kituo cha Bangwe.

Nilitoka mbio mpaka kituoni, mikono ina unga. Nikamkuta Zaitun juu ya ngazi, nikamwambia yote kutoka chini, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika mpaka ziwani. Nikamwambia ashuke, akusanye vyombo vyake, awaachie nyaya zao zining'inie. Yeye alimaliza kukaza skrubu, akashuka taratibu, akajifuta mikono.

"Kazi bado sijaikabidhi, wifi," akasema.

Nilikasirika nikaenda zangu, na migebuka ya siku ile iliungua.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mafundi wetu. Zaitun alifundishwa kazi na Mzee Pastory, marehemu, fundi wa kwanza wa mtaa wetu. Mzee Pastory ujana wake alidhulumiwa sana. Alikuwa anafunga taa, mwenye nyumba anawasha, anafurahi, halafu anamwambia tuonane mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haufiki. Karatasi za kutia saini hakukuwa nazo. Basi akaanzisha utaratibu wake. Kazi ikiisha, anachomoa fyuzi kwenye meni swichi, kile kipande cheupe cha kigae ambacho bila hicho hata ubonyeze swichi zote za nyumba taa haiwaki. Anasimama pembeni, mikono nyuma, fyuzi iko kiganjani. Jirani wanaitwa. Mwenye nyumba anasimama mbele yao na kutamka kwa mdomo wake aliyokubaliana na fundi. Akishasema, na waliokuwepo wakaridhika kwamba ndivyo, fundi anampa fyuzi mkononi, mwenye nyumba anaichomeka mwenyewe, taa inawaka, watu wanapiga vigelegele. Baada ya hapo nani atakana, mtaa mzima umesikia?

Wanafunzi wote wa Mzee Pastory walifanya hivyo, na Ujiji ilizoea mpaka watu wakawa wanamkumbusha fundi akisahau. Lakini hiyo ni kwenye nyumba zetu. Kwenye mashirika, kwenye majenereta yanayonguruma na mikataba ya kupigwa chapa, hakuna aliyewahi kuthubutu. Hata mimi halikunijia akilini.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi alasiri, wingu zito limefunika ziwa mpaka milima ya Kongo haionekani. Watu walijaa. Walikuwepo watu wa Bangwe na wa Ujiji, vibarua wote na wake zao, wakimbizi waliokuwa wanasubiri kuhamia wodini, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Khamisi, amevaa kofia mpya. Alikuwepo mkurugenzi wa shirika, mama wa Kizungu aliyekaa Bujumbura miaka mingi, Kiswahili chake kina Kirundi ndani. Na kule nyuma nilimwona kijana ana koti la jinzi, testa mfukoni, amesimama peke yake. Nikajua ndiye Bariki. Nilimwangalia kwa jicho baya, akaniamkia shikamoo, ikanibidi niitikie.

Bwana Dismasi alitoa hotuba. Alishukuru wafadhili, akashukuru serikali, akashukuru hali ya hewa. Kisha akaenda kwenye ukuta wa wodi, mahali swichi kubwa ilipofungwa, akainua kidole watu wote wakione, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma, lakini wodini ni giza tu. Akabonyeza tena, akicheka. Akabonyeza mara ya tatu, safari hii hacheki.

Hapo ndipo nilipomtafuta Zaitun kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye kona ya baraza, kanga imefungwa vizuri juu ya suruali, kichwa juu, mikono nyuma.

Niliona na wengine wameona, maana watu wa Ujiji walianza kunyamaza mmoja mmoja. Waashi wakavua kofia. Akina mama wakawashika watoto wao mikono. Bwana Dismasi akadhani ule ukimya ni heshima yake, akatikisa kichwa kushukuru, kisha akamwita fundi aje arekebishe hitilafu.

"Hakuna hitilafu, Bwana," Zaitun akasema, kwa adabu kabisa. "Fyuzi ninayo mimi. Bado hujasema."

Hajasema nini? Dismasi akauliza aseme nini tena, hotuba si ameshatoa. Mkurugenzi akageuka kwa Mzee Khamisi kutaka kujua kuna nini. Mzee Khamisi akajikohoza, akamweleza utaratibu wa mafundi wetu tangu mwanzo, na wala hakufupisha. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo kwa furaha. Akasema ni jambo zuri sana, na kwamba yeye atafurahi kusikia.

"Haya Dismasi," akasema. "Mulikubaliana nini na fundi?"

Nilimhurumia, nisiseme uongo. Alimtazama mkurugenzi, akamtazama Bariki kule nyuma, akatazama watu. Akaanza kusema kwamba shirika lilikubaliana na fundi kumlipa kibarua chake cha kila siku, na kwamba amelipwa chote.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee Khamisi akageukia umati, kama ilivyo desturi, akauliza kama waliokuwepo wameridhika kwamba ndivyo.

"Sivyo," nikasema.

Sikupanga kusema. Nilijikuta nimeshatoka mbele, upawa mkononi, nao niliubeba wa nini sijui. Nikamwambia Bwana Dismasi kwamba maneno yake niliyasikia mimi, aliyatamka kwenye benchi langu, tena ameshika kichwa cha mgebuka nilichomkaangia mimi, na kama amesahau nitayarudia yote hapa hapa. Nyuma yangu dereva mmoja wa shirika akasema hata yeye alisikia. Mwashi akasema alisikia mara zaidi ya moja. Vibarua wa Zaitun, wale wale waliokuwa wanamchekea, wakapaza sauti kwa pamoja kwamba walisikia. Sikuwa na habari kwamba mabenchi yangu yalikuwa yanabeba mashahidi wengi namna ile.

Zaitun alisimama vile vile, mikono nyuma, na wala hakutabasamu. Angetabasamu, nadhani Dismasi angepata pa kutokea.

Mkurugenzi akamwuliza msimamizi wake swali moja tu: alisema au hakusema? Na Dismasi, sifa yake nampa, alikuwa mtu wa kupendeza lakini hakuweza kudanganya watu wengi hivyo wakimtazama machoni. Akashusha mabega. Akageuka akawatazama watu, akasema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo:

"Tulikubaliana na Fundi Zaitun kwamba akimaliza wodi na pampu, ndiye fundi mkuu wa kituo hiki. Kwa mkataba. Mshahara wa gredi ya kwanza."

Mzee Khamisi akauliza kama ndivyo. Ndivyo, umati ukajibu, na wakimbizi wasiojua kinachoendelea nao wakajibu ndivyo. Mkurugenzi akasema amesikia, na kwamba mkataba utatiwa saini Jumatatu, naye mwenyewe ndiye atakayeutia.

Zaitun akaleta mikono mbele. Akatembea mpaka kwa Bwana Dismasi, akaweka fyuzi kwenye kiganja chake kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa maji ya kunawa. Dismasi akaichomeka. Wodi nzima ikawaka, baraza likawaka, pampu ikaanza kuvuma kule chini, na baada ya muda maji yakaanza kumiminika kwenye tangi kwa kishindo mpaka watoto wa wakimbizi wakakimbilia huko wakipiga kelele. Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia hata kwenye harusi ya mwanangu. Dismasi mwenyewe alikuwa anapiga makofi, kicheko chake kimerudi, na nadhani alisahau kabisa kwamba dakika chache nyuma alikuwa anakana. Vibarua walimbeba Zaitun juu juu wakazunguka naye kituo kizima, na mimi nilikuwa nyuma nikiwaamuru wamshike vizuri wasimwangushe.

Jumatatu akatia saini. Bariki walimpeleka kwenye kambi ya bara, mbali na ziwa, kushika majenereta ya huko, kwa mkataba wake, na kila akija mjini alikuwa anakula kwangu. Kijana mzuri, ana adabu. Baada ya hapo mafundi wengine wa Ujiji nao wakaanza kusimama mikono nyuma kwenye nyumba za mashirika, na wapo waliopata mikataba na wapo waliofukuzwa, lakini hakuna tena aliyesema wenyeji ni wa getini tu.

Kwa mshahara wake wa mwanzo Zaitun alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Nyumba yetu ya Rusimbi haikuwa na umeme. Ndiyo, fundi wa gredi ya kwanza alikuwa anavulia suruali yake ya kazi kwenye mwanga wa kibatari. Nguzo ilipita mbele ya mlango, sisi tunaitazama tu. Basi akalipia laini, akafunga nyaya nyumba nzima mwenyewe siku zake za mapumziko, na lile begi lililokuwa chini ya kitanda akalifanya la kubebea koili za waya. Jioni moja kabla ya magharibi akaita jirani. Wakaja wote, maana mambo yake yalikuwa yameshamtangulia.

Akachomoa fyuzi, akasimama pembeni ya mlango wa jiko, mikono nyuma.

Tukamngoja Abdulatif aseme. Abdulatif akasema mwenye nyumba ni dada yake mkubwa, ndiye anayepaswa kusema. Watu wakanisukuma mbele. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Katubuka, nikasimama pale nikakosa la kusema. Nilianza mzaha wa sufuria, hakuna aliyecheka. Walikuwa wananyamaza ule unyamavu wao wa kungoja fyuzi. Nikasema mimi na huyu fundi hatukukubaliana kitu, sijamlipa hata senti, niseme nini? Mzee mmoja akanijibu kutoka nyuma kwamba basi taa haziwaki.

Nikamtazama Zaitun. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya kunyamaza ambayo yamenipandisha presha miaka yote ile, na safari hii nikaona alikuwa anangoja kweli. Angengoja mpaka usiku.

"Tumekubaliana na fundi kwamba haendi popote," nikasema. "Hapa ndipo kwake. Akiondoka nitalia, na ninyi nyote mtanisikia."

Mzee akauliza kama ndivyo. Zaitun akajibu yeye mwenyewe, jambo ambalo utaratibu hauruhusu. Akasema ndivyo, halafu akaniwekea fyuzi kiganjani, ina joto la mkono wake, na machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, kama kawaida yake ya kufanya mambo bila sauti.

Nikaichomeka. Jiko likajaa mwanga, watu wakapiga vigelegele, na kitu cha kwanza nilichokiona juu ya mafiga ni sufuria yangu kubwa, nyeusi tii, haijasuguliwa.